Sanamu ya kiwiliwili kwa twisheni ya Bayolojia: inafaa, ila ina mapengo

Mwalimu mwenzangu, kama unasomesha twisheni na mfuko unaruhusu kifaa kimoja tu, acha chati ya ukutani, chukua sanamu ya kiwiliwili. Yangu ni ya plastiki, nimeinunua duka la vifaa vya skuli mjini Unguja, ikaja na boti hadi Mkoani, Pemba, na sasa inafanya kazi Wete.

Viungo vinachomoka kimoja kimoja, na hapo ndipo pesa yako inaporudi. Kwenye chati vinaonekana vimetandazwa kama nguo kambani. Kwenye sanamu huzioni figo mpaka utoe ini, tumbo na utumbo, na mtoto anajionea mwenyewe kwamba zimekaa nyuma, karibu na mgongo. Moyo nao unafunguka. Ukuta wa ventrikali (chumba cha chini cha moyo) ya kushoto ni mnene kuliko wa kulia. Nawauliza kwa nini, na baada ya ubishi kidogo wanafika wenyewe: kulia damu inakwenda hapo jirani tu, mapafuni, kushoto inasukumwa mwili mzima.

Utumbo mwembamba ni pande moja gumu, haukunjuki. Kuonyesha urefu wake nimekata kamba ya mita 6, wanaivuta kutoka ubaoni hadi uwanjani. Inatosha.

Linaloniudhi ni kibofu cha mkojo, maana hakifunguki. Kwa sisi wa Pemba hilo si dogo. Mtoto anayekijua kichocho atakuuliza tu ile damu kwenye mkojo inatoka wapi. Minyoo wake hukaa ndani ya vishipa vya damu vinavyozunguka kibofu, na mayai yao, yenye mwiba nchani, hupenya ukuta wa kibofu ili yatoke na mkojo. Ukuta huo ndio nilioutaka niwaonyeshe, na ndio usioonekana.

Mfumo wa limfu ndiyo haupo kabisa, hata alama. Na hivi ni visiwa ambako mwaka 2001 watu walianza kumezeshwa dawa za matende! Nimeuchora mwenyewe kwa kalamu ya kijani juu ya plastiki: mirija inayokusanya majimaji yaliyovuja kwenye mishipa na kuyarudisha kwenye damu. Minyoo wa matende wakiiharibu, majimaji yanakwama na mguu unavimba. Wino unafutika kwa spiriti.

Vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, zimepakwa buluu, kwa hiyo waambie mapema: damu ya buluu haipo, yenye oksijeni kidogo ni nyekundu iliyokoza. Kijitabu chake hakina Kiswahili, majina utayabandika mwenyewe.

Kabla hujalipa, mwambie muuzaji aitoe kwenye boksi ukijaribu kila kiungo. Ukikuta yenye kibofu kinachofunguka, ongeza pesa uichukue hiyo, hata kama itabidi mchangiane walimu wawili.