Fundi wa kujengea makaburi, Tabora mjini: nyota nne kati ya tano

Nilimpa kazi ya kujengea kaburi la mama. Karakana yake iko Ng'ambo. Alipokuja kupima, swali lake la kwanza lilikuwa, "Dada, mama alizikwa lini?" Nikamwambia mwaka juzi, mwezi wa tano. "Basi limeshapigwa na mvua za msimu mzima, udongo umekaa." Kaburi bichi huwa hakubali kulijengea. Udongo uliorudishiwa shimoni hushuka taratibu, na ukiwahi kuweka zege na vigae, msimu unaofuata utakuta nyufa. Msingi wenyewe aliuanzia kwenye ardhi ngumu, nje ya kingo za shimo.

Ila kilichonifanya niandike ni jinsi anavyoishi na makaburi ya wengine. Pale pamebanana sana. Nimeshaona mafundi wakichanganya zege juu ya kaburi la jirani, wengine wamekalia msalaba wanakula mihogo, na roho inauma hata kama aliyelala pale humjui. Huyu alichanganyia kwenye bati kuukuu huko njiani, kijana wake akawa anabeba kwa ndoo na kuzunguka kila kaburi. Kuna mara kijana alitua ndoo juu ya kituta kidogo, kaburi la mtoto lisilo hata na kibao. Fundi akamwambia taratibu tu, "Toa hapo, pana mtu."

Mchana ukaingia msiba. Akazima grenda, akavua kofia, wakasimama wote wawili mpaka watu walipomaliza kuweka mashada na kuanza kutawanyika. Hakuna aliyewaomba.

Nilimuuliza pia kuhusu kaburi la baba mdogo, aliyezikwa upande wa Waislamu. Angeweza kuchukua hela yangu tu. Akaniambia nikae kwanza na watoto wa marehemu na shehe wao, kwa sababu Mtume alikataza kaburi kujengewa na kukaliwa. Wakiridhia, yeye atafyeka nyasi na kusimamisha jiwe la kichwani, basi. Nilimheshimu sana kwa hilo, na watoto wakachagua hivyo hivyo.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu mbili. Aliahidi kumaliza Alhamisi, akamaliza Jumamosi jioni, na shangazi alikuwa ameshaalika watu wa jumuiya kuja kusali. Pili, kwenye kibao tarehe zimebanana mno. Jina limekaa vizuri, lakini mwaka wa kuzaliwa lazima uinamie ndiyo usome. Mwambie akuandikie kwanza kwenye karatasi kwa ukubwa ule ule.

Nililipa 420,000 pamoja na vigae na kibao. Saruji nilinunua mwenyewe. Kama unataka kaburi liwe tayari kwa Siku ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba, ongea naye kuanzia Agosti. Oktoba anakuwa na kazi nyingi, na mvua zikishaanza zege linamsumbua.