Kishikwambi Changu Kilipoganda Katika Hali Salama: Uzoefu Wangu na Msaada wa Akili Mnemba

Ninapika kwa oda nyumbani kwangu Kibokoni, Mji wa Kale, hapa Mombasa. Napika mahamri, vitumbua, sambusa na mkate wa sinia, na kila oda huandikwa kwenye kishikwambi kinachokaa juu ya rafu ya jikoni. Ni kishikwambi cha Android cha bei ya wastani, ambacho nimekitumia kwa miaka mitatu bila matatizo ya maana. Siku kumi na mbili kabla ya Ramadhani, wakati wateja wameshaanza kuagiza vya futari, kilizimika usiku kwa kuisha chaji, na asubuhi nilipokiwasha nikakikuta kimebadilika. Chini ya skrini, upande wa kushoto, palikuwa na maneno ya Kiingereza yanayoeleza kwamba kifaa kimo katika hali salama. Programu yangu ya kuandikia oda ilikuwa imefifia rangi na haikufunguka, WhatsApp nayo vilevile, na ile saa kubwa niliyokuwa nimeiweka kwenye ukurasa wa kwanza haikuwapo tena.

Nilikizima na kukiwasha mara tano au sita, na kila mara maneno yale yalirudi mahali pale pale.

Nilikipeleka kwanza kwa fundi mmoja wa simu mjini. Alikitazama kwa muda mfupi sana, akasema, "Mama, mfumo umeharibika. Tukikifleshi kitarudi kama kipya." Nikamuuliza, "Na vitu vyangu vilivyomo, mwanangu?" Akanijibu kwamba vyote vitaondoka, na kazi itakuwa shilingi 1,500. Ndani ya programu ile kulikuwa na oda zaidi ya arubaini, majina ya watu, siku walizotaka vitu vyao, na arubuni ambazo baadhi yao walikuwa wameshatoa. Sikuwa na nakala yoyote mahali pengine. Nilikichukua kishikwambi changu nikarudi nacho nyumbani.

Binti wa kaka yangu, ambaye anasoma chuo, ndiye aliyeniambia, "Shangazi, kabla hujampa mtu akifute, iulize kwanza akili mnemba." Akaniwekea programu kwenye simu yangu, ile ya bila malipo, akanionyesha jinsi ya kuandika na kutuma picha, kisha akaenda zake darasani. Yote ninayoyaeleza hapa niliyafanya peke yangu, kwa Kiswahili, nikiwa nimeketi kwenye kibao cha mbuzi kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu na soketi ya umeme.

Jibu la kwanza lilinituliza, na hilo peke yake nalihesabu kuwa msaada. Liliniambia kwamba hali salama haifuti programu wala data zilizomo. Mfumo wa Android ukiingia katika hali hiyo huendesha zile programu zilizokuja na kifaa tu, na zile ulizozipakua wewe mwenyewe huzisimamisha, ili mtu aweze kujua kama mojawapo ndiyo inayoleta matatizo. Oda zangu, kwa hiyo, zilikuwa bado zimo ndani na zingefunguka mara tu kifaa kitakaporudi katika hali ya kawaida. Fundi wa mjini hakuniambia neno hilo, ingawa lilikuwa ndilo neno nililolihitaji kuliko mengine yote siku ile.

Baada ya hapo liliniambia nikianzishe upya kwa kushikilia kitufe cha kuwashia, jambo ambalo nilikuwa nimeshalifanya. Kisha likanieleza niteremshe pazia la arifa juu ya skrini, niguse arifa ya hali salama, na kifaa kitatoka chenyewe. Kwenye kishikwambi changu hakukuwa na arifa kama hiyo. Nilipoeleza hivyo, liliendelea kunipa majina ya vipengele vya mipangilio ambavyo sikuviona, kana kwamba linakizungumzia kifaa cha mtu mwingine, na nilipoteza karibu nusu saa nikivitafuta. Anayetaka kutumia huduma hii na ajue kwamba akili mnemba husema kwa sauti ileile ya uhakika inapojua na inapokisia. Lililosaidia ni kuliandikia waziwazi: "Kipengele hicho hakipo. Usinipe kingine kabla hujaniuliza maswali."

Likaniuliza. Lilitaka kujua kishikwambi ni cha kampuni gani na toleo gani la Android, tatizo lilianza lini, kama kimewahi kuanguka au kulowa, kama kimevishwa kava, na mwisho likauliza jambo ambalo lilinifanya niweke simu chini nifikiri: je, umewahi kuona sauti ya kifaa ikishuka yenyewe bila wewe kuigusa?

Nilikuwa nimeona. Kwa muda wa mwezi mzima, alfajiri ninapochoma mahamri huku nikisikiliza Kurani, sauti ya msomaji ilikuwa ikififia kidogo kidogo hadi inanyamaza kabisa. Nilikuwa nikifuta mikono, naipandisha, na baada ya dakika chache inashuka tena. Nilijiambia kwamba spika zimechoka. Haikunipitikia kumtajia fundi, wala kulitaja kwenye maelezo yangu ya mwanzo, kwa sababu mimi nilikuwa nimekuja na shida ya skrini, si ya sauti.

Hapo ndipo mambo mawili yalipounganishwa. Kwenye vifaa vingi vya Android, kushikilia kitufe cha kupunguzia sauti wakati kifaa kinawaka ndiyo njia yenyewe ya kuingia katika hali salama. Kitufe hicho kikikwama ndani, kifaa hudhani kwamba mwenye nacho amekishikilia kwa makusudi, na hivyo hata ukikianzisha upya mara mia kitarudi kule kule. Mfumo wangu ulikuwa mzima, na kuufleshi kusingesaidia kitu, kwa kuwa kitufe kingebaki kimekwama na oda zangu zingekuwa zimeshapotea.

Ningependa kusema kwamba kuanzia hapo kila kitu kilikwenda sawa, lakini sehemu inayofuata ndiyo inayonifanya nisiisifu huduma hii bila kikomo. Badala ya kunipeleka moja kwa moja kwenye kitufe, lilinishauri "kwa uhakika zaidi" nisafishe kwanza kile lilichokiita kizigeu cha akiba, maneno ambayo sikuyaelewa hadi nilipouliza, likafafanua kwamba ni sehemu ambamo mfumo huweka mafaili ya muda. Njia yake ni kukizima kifaa, kisha kushikilia kitufe cha kuongezea sauti pamoja na cha kuwashia, mpaka itokee orodha nyeusi yenye maandishi madogo. Katika orodha hiyo huwezi kugusa skrini: kitufe cha sauti ndicho kinachosogeza alama juu na chini, na kitufe cha kuwashia ndicho kinachochagua. Orodha ilipotokea, alama ilianza kushuka yenyewe. Iliteremka mstari kwa mstari bila mimi kugusa chochote, ikapita juu ya mstari wa kufuta data zote, ikafika mwisho, ikarudi juu, ikaanza tena. Kidole changu kilikuwa bado kimo juu ya kitufe cha kuwashia. Kukibonyeza kidogo tu kwa wakati mbaya kungenipeleka kwenye ukurasa wa kufuta kila kitu.

Nilikiondoa kidole, nikangoja alama ifike kwenye mstari wa kwanza, ule wa kuwasha upya mfumo, ndipo nikabonyeza. Mikono ilikuwa ikinitetemeka. Nilipoliandikia lililotokea, liliomba radhi na kukiri kwamba halikupaswa kunipeleka kwenye orodha inayoendeshwa kwa kitufe ambacho lenyewe limeshakishuku. Radhi hiyo naikubali, lakini oda za watu zingepotea isingezirudisha. Mpangilio wa hatua katika kazi ya namna hii ni jambo kubwa, na fundi mzuri wa kibinadamu angekishughulikia kitufe kwanza. Hata hivyo, ile alama iliyoteremka yenyewe ilikuwa ushahidi kamili, na tangu hapo sikuwa na shaka tena mahali ulipo ugonjwa.

Kusafisha kulichukua jioni nzima. Nilikizima, nikalivua kava, na kwa tochi ya simu nikatazama ubavuni. Pembezoni mwa kitufe cha kupunguzia sauti palikuwa na utando wa rangi ya kijivu, mgumu kama ukoko wa sufuria: unga wa ngano na mafuta yaliyoshikana miezi mingi na kukaushwa na joto la jiko. Upande wa chini kitufe kilikuwa kimezama, hakijalingana na mwenzake wa juu. Kwa maelekezo niliyopewa nilitumia mswaki mpya mkavu, kijiti cha meno cha mbao na si sindano, na pamba ya masikio iliyotiwa spiriti kidogo sana, ikakamuliwa kwanza ili isichuruzike ndani. Nilikuwa nimekusudia kupuliza kwa mdomo, likanikataza, kwa sababu pumzi ina unyevu. Dukani nilipata spiriti ya asilimia 70. Likaniambia kwamba ile ya asilimia 90 au zaidi ni bora kwa sababu ina maji machache, na kwamba kwa hii niliyonayo nisubiri zaidi kabla ya kukiwasha. Kwa unyevu wa hewa ya Mombasa nilikiacha mbele ya feni usiku kucha.

Nilikibonyeza kitufe kile pengine mara hamsini. Mwanzoni kilikwenda kimya na kizito, kama kinazama kwenye donge. Baada ya duru ya tatu ya kupigwa mswaki kilianza kutoa mlio mdogo, tk, na kurudi juu chenyewe. Asubuhi baada ya Swala nilikiwasha bila kava. Maneno ya kule chini hayakuwapo, programu ya oda ilirudi na rangi yake, na oda zote zilikuwapo hadi ile ya mwisho ya Bi Mkubwa wa nyumba ya jirani aliyetaka mikate minne ya sinia. Kilichokosekana ni ile saa na vijidirisha vingine vya ukurasa wa kwanza, ambavyo nilivirudisha kwa mkono.

Kuna jambo moja lililonishtua nilipouliza ingekuwaje kama ningekubali kifutwe. Lilinieleza kwamba tangu Android 5.1, iliyotoka mwaka 2015, vifaa vingi vikifutwa kwa njia ya ile orodha nyeusi huomba akaunti ya Google iliyokuwemo awali kabla ya kukuruhusu kuingia, ili mwizi asinufaike. Akaunti yangu ilifunguliwa na kijana wa dukani siku niliyonunua kishikwambi, na neno la siri sikulijua. Ningelipa 1,500, ningepoteza oda, na huenda ningebaki na kifaa nisichoweza kukifungua. Siku hiyohiyo niliibadilisha akaunti nikaweka yangu mwenyewe, na neno la siri nimeliandika kwenye daftari, si kwenye mazungumzo na programu ile wala nyingine yoyote.

Kwa upande wa huduma yenyewe, Kiswahili chake ni kizuri kuliko nilivyotarajia. Nilipoandika kwamba kitufe "kimekwama, hakirudi" lilielewa bila kuniuliza, ingawa istilahi zake za kompyuta ni nzito na inabidi kuziombea ufafanuzi. Toleo la bila malipo lina kikomo cha picha: nilituma chache za skrini na za ubavu wa kifaa, kisha likanitaka nisubiri saa kadhaa kabla ya kutuma nyingine, nikalazimika kueleza kwa maneno. Bando ililotumia ni dogo. Ningeitumia tena kwa kutafuta chanzo cha tatizo, kwa sababu ilinisikiliza kwa muda ambao hakuna fundi angenipa, lakini hatua yoyote inayokaribia kufuta kitu sitaifanya kabla ya kuuliza mara mbili ni kipi kinachoweza kupotea.

Wiki tatu baadaye, katikati ya Ramadhani, sauti ilianza tena kushuka. Safari hii sikungoja kizimike. Nilieleza historia yote, nami nikaambiwa kwa uwazi kwamba kusafisha kwa nje kuna mwisho wake, kwamba huenda utepe mwembamba wa vitufe ulioko ndani umeshaliwa na chumvi au mafuta, na kwamba kazi hiyo yataka mkono wa mtu mwenye vifaa vya kukifungulia. Nilinakili oda zote kwanza. Kisha nikaenda kwa fundi mwingine, karibu na Mwembe Tayari, nikamwambia, "Mwanangu, nibadilishie utepe wa vitufe vya sauti, mfumo usiuguse." Alikifungua mbele yangu, akanionyesha utepe ulioota kutu ya kijani kwenye ncha zake, akaweka mwingine na kukifunga, na kwa saa moja hivi nikawa nimeshamaliza. Sasa kishikwambi kinakaa sebuleni, na oda ninakwenda kuzisoma kule baada ya kunawa mikono.