Uzoefu wangu: kupimwa moyo kwa eko huku nikiendesha baiskeli, Dodoma

Naandika kwa ajili ya mtu anayeishiwa pumzi kila anapojishughulisha, ambaye amekwenda kupimwa moyo, akaambiwa ni mzima, na bado hawezi kupanda ngazi za ghorofa moja bila kusimama njiani. Mimi ni mama wa zaidi ya miaka 60, mstaafu wa serikali, mkazi wa Kikuyu hapa jijini Dodoma, mwenye presha ya muda mrefu na uzito uliozidi. Nikibeba kikapu kutoka soko la Majengo kwenda kupanda daladala, pumzi zilikuwa zinanikatika, na kila jioni soksi ziliacha mfereji juu ya vifundo vya miguu. Eko ya kawaida, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, ile unayofanyiwa ukiwa umelala umetulia, ilionyesha kwamba kwa kila pigo moyo wangu unasukuma asilimia 62 ya damu iliyomo katika chumba cha chini cha kushoto, kiwango ambacho hakina kasoro yoyote. Kwa hiyo nikaambiwa ni umri na unene.

Daktari wa moyo aliyenipokea baadaye ndiye aliyenieleza kwamba kuna moyo unaosukuma vizuri lakini haulegei vizuri. Misuli yake imekakamaa, hivyo damu haiingii ndani yake ila kwa shinikizo kubwa, na shinikizo hilo hurudi nyuma hadi kwenye mapafu. Huo nao ni ugonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi, na karibu nusu ya wagonjwa wa moyo kushindwa wako katika kundi hilo, hasa wazee, wanawake, wenye presha, wenye kisukari na wanene. Mapigo yakiwa ya taratibu moyo hupata nafasi ya kujaa, kwa hiyo wengi wao wakipimwa wamelala hawaonekani na shida. Mapigo yakienda mbio, muda wa kujaa hufupika na shinikizo hupanda. Maelezo hayo yaliniingia mara moja, kwa sababu sijawahi kulalamika kwamba nabanwa pumzi nikiwa nimekaa.

Ndiyo maana akaniandikia eko nyingine, ya kufanywa huku nikiendesha baiskeli. Kitanda cha kipimo kina pedali upande wa miguuni. Unalala mgongo ukiwa umeinuliwa kiasi, kisha kitanda chote kinainamishwa kushoto ili moyo usogee karibu na ukuta wa kifua. Kifuani unabandikwa waya za kupima umeme wa moyo na mkononi unafungwa mkanda wa presha. Picha za kwanza zinachukuliwa ukiwa umetulia, halafu unaanza kukanyaga pedali kwa uzito mdogo wa wati 25, ambao unaongezwa kila baada ya dakika chache. Kijana aliyekuwa akipiga picha alikuwa na subira sana. “Mama, vuta pumzi, itoe yote, ishikilie hapo hapo,” alikuwa akiniambia, na katika zile sekunde chache anakandamiza kifaa chenye jeli chini ya titi la kushoto na kurekodi kabla sijashindwa. Kushikilia pumzi wakati mwili wote unazidai ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, kuliko hata pedali zenyewe. Daktari alitaka picha kuu zipatikane mapigo yakiwa kati ya 100 na 110 kwa dakika, kwa sababu yakizidi sana mawimbi mawili ya damu inayoingia moyoni huungana na hayapimiki tena moja moja. Niliyaona kwenye skrini yakikaribiana kadiri nilivyoendelea kukanyaga. Panapotumika mashine ya kutembelea badala ya baiskeli, mgonjwa hulazimika kushuka na kulala haraka ili picha zichukuliwe ndani ya dakika moja hivi. Kwa kutafuta mishipa ya moyo iliyoziba njia hiyo inafaa, lakini kwa tatizo kama langu naona baiskeli inafaa zaidi, maana unapigwa picha ukiwa kazini.

Majibu niliyasoma pamoja na daktari. Uwiano unaoandikwa E/e′, unaolinganisha kasi ya damu inayoingia chumba cha chini cha kushoto na kasi ya misuli inapolegea, ulikuwa 11 nikiwa nimetulia na ukafika 17 nikiendesha. Kasi ya damu inayovuja kurudi nyuma kwenye vali ya upande wa kulia ilitoka mita 2.6 hadi 3.5 kwa sekunde. Mwongozo wa wataalamu wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2019 unatoa alama 3 pale E/e′ inapofika 15 au zaidi wakati wa mazoezi na kasi hiyo ya pili inapozidi mita 3.4. Mimi tayari nilikuwa na alama 3 za eko ya mwanzo, kwa sababu chumba changu cha juu cha kushoto kimetanuka na ile 11 yenyewe si ya chini sana. Zikawa 6, na ugonjwa unahesabiwa kuthibitika kuanzia alama 5. Nilianzishiwa furosemidi ya kupunguza maji mwilini pamoja na dapagliflozini, dawa iliyoanza kama ya kisukari, ambayo utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha inapunguza kuzidiwa kwa wagonjwa wa aina yangu hata kama hawana kisukari. Miguu imepungua kuvimba, na ngazi sasa nazipanda taratibu bila kusimama.

Kipimo hiki kina mipaka yake. Picha huharibika kwa mtu anayehema sana au mwenye mwili mkubwa, na mapigo yasiyo na mpangilio huvuruga hesabu. Jibu zuri pia halitoshi kuondoa shaka yote: panapobaki utata, njia ya uhakika zaidi ni kupitisha mrija kwenye mshipa hadi upande wa kulia wa moyo na kupima shinikizo moja kwa moja. Mtu aliyezidiwa kwa sasa, mwenye maumivu ya kifua yasiyotulia, au mwenye vali kuu ya kutolea damu moyoni (vali ya aota) iliyosinyaa sana na yenye dalili, hapaswi kupandishwa kwenye baiskeli hiyo.

Lawama yangu ni ya maandalizi. Nilipewa karatasi yenye tarehe tu, nikafika na gauni refu, na muuguzi ndiye aliyehangaika kunitafutia suruali ya kuazima. Hakuna aliyekuwa ameniambia nisile chakula kizito kabla ya kipimo, wala niulize kama dawa ya kupunguza mapigo ya moyo imezwe asubuhi hiyo au isubiri, jambo ambalo daktari peke yake ndiye wa kuliamua. Kifua kinabaki wazi kwa muda mrefu; kwa mama wa rika langu, kanga ya kujisitiri na muuguzi wa kike chumbani ni vitu ambavyo havikupaswa kuombwa. Unayekwenda, vaa suruali pana na viatu vya kufunga, beba kanga yako, ulizia gharama na bima mapema, na usiondoke bila nakala ya majibu yenye namba za kupumzika na za mazoezi, kwa kuwa sentensi moja ya “moyo unasukuma vizuri” haitamsaidia daktari atakayekupokea kesho Singida au Iringa.