Dawa ya kopo ya kuulia nyigu: kwa kiota kinachoning'inia ni sawa, kwa kilichojificha ukutani sahau

Kopo ni la mililita 500, dawa ya jamii ya pairethroidi (sumu za wadudu zinazotengenezwa kiwandani kwa kuiga ile ya pareto), na hurusha mkondo mwembamba badala ya ukungu. Lebo inadai mita 6. Hizo unazipata kopo likiwa jipya na upepo umetulia. Mimi nahesabu 4. Likifika nusu, presha hushuka na mkondo unapinda kabla ya kufika, kwa hiyo masalio ya kopo la zamani usiyaendee nayo kiota kikubwa.

Kiota kilicho wazi, mfano chini ya ukingo wa paa, inakimaliza vizuri. Mchana tazama tu kwa mbali tundu la kuingilia liko wapi. Piga giza likishaingia, wote wakiwa wamerudi. Tochi ifunike kwa plastiki nyekundu na uiweke pembeni, usiishike: nyigu hawaoni wekundu, lakini mwanga mweupe wanaufuata hadi ulipotoka. Simama kando ya kiota, si chini yake, upepo ukiwa mgongoni na njia ya kuondokea iwe wazi. Ngazi hapana, ukichomwa ukiwa juu, kuanguka ndiko kutakakokuumiza zaidi. Anza na tundu, sekunde 5 hadi 10 bila kuachia, kisha lowesha kiota kizima, uondoke. Nyigu si kama nyuki anayeacha mwiba mwilini. Anachoma na kurudia, na harufu anayotoa inawaita wenzake.

Baada ya saa 24, kama kumetulia, kikwangue pamoja na kikonyo chake na ukitie kwenye mfuko uliofungwa. Ukikiacha, nyigu wachanga walio kwenye vijumba vya kiota vilivyozibwa huenda dawa haikuwafikia, nao watatoka baadaye.

Ndani ya ukuta au dari ndipo dawa hii inaposhindwa. Inalowesha mlangoni tu, na ukiziba tundu wangali hai, wanaweza kutafuna jipsamu wakatokea chumbani. Huko tumia unga wa permethrini, nayo ni pairethroidi: puliza kidogo kwenye tundu, uliache wazi, wenyewe watauingiza kwa miguu. Tundu lizibwe wakishaacha kabisa kuingia na kutoka.

Kopo hili linashika moto, basi lisikaribie jiko linalowaka wala nyaya za umeme. Pairethroidi huua samaki, na permethrini ni sumu kali kwa paka. Funika tangi la samaki, wafungie wanyama ndani. Mwenye mzio wa nyigu asijaribu kabisa. Aliyechomwa akivimba ulimi au kupumua kwa shida, ni hospitali papo hapo.

Nyota 4 kati ya 5. Moja nimeipunguzia kile kizuizi cha plastiki mdomoni: ni kigumu mno ukiwa umevaa glavu nene, kwa hiyo king'oe ukiwa bado ndani ya nyumba.