TAHADHARI Tabora: muuza shandelia wa "ikishafungwa hairudi"

Ndugu zangu wa Tabora, na nyie wa Nzega na Urambo, kuna mtu anauza Instagram taa kubwa za kuning'inia sebuleni, zile shandelia za vioo. Anasema duka liko Kariakoo, mzigo anautuma kwa basi. Jina lake sitaliandika hapa, ila mchezo wake nitaueleza wote.

Niliagiza ya mikono minane, "kristali halisi, fremu ya shaba", laki nne na themanini. Nikalipa yote kabla. Hapo kosa ni langu, mke wangu alinikanya. Siku ya nne nikaupokea stendi. Mimi nilidhani nitafungua boksi nikute taa. Nikakuta vipande: mikono imeviringishwa kwenye magazeti, na mifuko kumi na kitu ya vijiwe vya kutundika. Karatasi ya maelekezo ilikuwa Kichina kitupu, na picha yake ni ya taa ya mikono sita.

Sasa sikilizeni. Ujumbe wake wa kwanza kabisa ulisema: "Taa ikishafungwa hairudi." Unausoma unaona sawa tu, kila duka lina masharti yake. Lakini shandelia utajuaje imepungua nini kabla hujaifunga? Vijiwe zaidi ya mia mbili, nani atakaa kuvihesabu? Fundi wangu wa hapa Kiloleni aliitundika fremu kwa kamba kwenye mbao ya baraza, tukaanza kuivalisha kijiwe kimoja kimoja tangu saa nane mchana. Kufika magharibi duara la chini liko wazi nusu, na mkono mmoja hauna holda ya balbu. Nikampigia.

"Umeshaifunga, kaka?"

"Ndiyo, ndio nimeona..."

"Basi pole."

Tangu hapo nimeblokiwa.

Hayo ni ya pesa, ningenyamaza nikameza. Kilichonifanya niandike ni hiki. Kwa kuwa mkono ule haukuwa na holda, fundi alifungua kikombe cha katikati aone waya wake unaishia wapi. Akakuta waya wa moto umebanwa na skurubu mpaka umechubuka. Bila hata kuiwasha, akaweka ncha moja ya mita ya kupimia umeme kwenye waya na nyingine kwenye fremu, mita ikalia piii. Maana yake tungewasha swichi, chuma chote kingekuwa na umeme, volti 230. Na waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini ukivuja, haumo kabisa, nyaya ni mbili tu, kwa taa ambayo mwili wake wote ni chuma! Mtu angepanda ngazi siku moja kufuta vumbi, basi.

Halafu kwenye video yake anaonyesha inafungwa moja kwa moja kwenye dari ya jipsam kwa skurubu mbili ndogo. Yetu tuliipeleka kwenye mizani ya muuza mchele: kilo 11. Jipsam haiwezi kubeba hiyo. Inatakiwa ndoano iliyoshika kenchi (mbao za paa), au mbao iliyopigiliwa kutoka kenchi hadi kenchi, na jipsam itobolewe tu ipite.

"Shaba" yake nilipoiwekea sumaku ya spika mbovu, ikaganda. Ni bati lililopakwa rangi ya dhahabu. Shaba haishikwi na sumaku. Na "kristali" ni plastiki: kioo ukikigusisha shavuni ni cha baridi, hivi vilikuwa kama vifungo vya shati.

Kama bado unaitaka taa ya namna hii, mwambie muuzaji aandike kwenye ujumbe idadi ya mikono, idadi ya vijiwe na kilo ngapi, na ulipe mzigo ukishafunguliwa mbele yako. Anayekataa kuhesabu bidhaa yake mwenyewe mwache. Fundi naye awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, apime kwa mita kabla haijapanda darini. Namba ya huyu mtu mimi nimeshaituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu.

Akaunti imebadilishwa jina mara mbili tangu mwezi uliopita, ila picha ya juu ni ile ile: sebule nyeupe yenye ngazi za kuzunguka na kochi la bluu. Mkiiona, ndiye.