Fountains au Rievaulx: uanze na abasia ipi?

Zote mbili ni magofu ya abasia (monasteri) za Wasistersiani, shirika la watawa wa Kikatoliki, huko Yorkshire, Uingereza, na zote zilianza mwaka 1132. Rievaulx ilianzishwa na watawa waliotumwa kutoka Clairvaux, Ufaransa. Fountains ilianzishwa na Wabenedikto, watawa wa shirika jingine, waliojitenga na monasteri yao mjini York. Walipokelewa katika shirika la Wasistersiani mwaka 1135.

Ukitaka kuelewa uchumi wa watawa, anza Fountains. Ghala lenye matao, urefu wake takriban mita 90, bado limesimama: upande mmoja bidhaa, upande wa pili mabruda (watawa wa kazi za mikono) wakila, na juu walilala. Fedha nyingi zilitokana na sufu. Mnara mrefu wa Huby, abate (mkuu wa abasia), ulijengwa mwishoni kabisa, miaka michache kabla abasia kufungwa, na unapingana waziwazi na kanuni ya awali iliyokataza minara ya mawe.

Kwa usanifu, Rievaulx inashinda, hasa sehemu ya altare ya karne ya 13. Ila angalia ramani: bonde ni jembamba, hivyo altare ilielekezwa kusini badala ya mashariki. Baada ya kufungwa mwaka 1538, madini ya risasi yaliyofunika paa yaling'olewa yakayeyushwa. Mvua ikaingia ndani ya kuta.