SW1500 ya HO: Miezi Minne ya Kuifundisha Kutambaa

Nilinunua kichwa cha treni ya mfano, SW1500, kipimo cha HO, yaani kidogo mara 87 kuliko chenyewe. Jina la kampuni naliacha. SW1500 halisi zilijengwa na kampuni ya EMD hapa Marekani kati ya 1966 na 1974, kazi yake kupanga mabehewa yadini, na kwenye meza yangu niliitaka kwa kazi hiyohiyo. Nimekulia Tabora, jirani na stesheni. Treni ya mbio hainisisimui. Napenda kichwa kinachonyemelea behewa mpaka liunge bila kishindo.

Siku ya kwanza kilinikera. Kidhibiti changu cha DCC, yaani kinachotuma amri za kidijitali kupitia reli, kina hatua 128 za mwendo: ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tano kikaruka kama mbuzi aliyekata kamba. Nikapandisha CV2, ile namba inayoamua mota ianze na umeme kiasi gani, kutoka 0, kidogo kidogo, hadi 6. Kuondoka kukawa laini.

Kukwama ndiko kulikonitesa. Kwenye njia panda zangu, pale reli zinapokatana pana kipande cha plastiki kisichopitisha umeme. SD40-2 yangu, kichwa kingine kirefu chenye magurudumu 12, inapita hapo bila habari. Hiki kifupi, magurudumu manane tu, kikifika polepole kinazimika, taa na sauti pamoja, halafu injini inaanza kunguruma upya kama ndiyo kwanza imewashwa. Ikawa kazi yangu kukisukuma kwa kidole. Mwanangu akauliza, "Baba, kumbe dereva ni wewe?"

Nikakifungua. Boksi linasema magurudumu yote yanachukua umeme. Nilipopima kwa mita, mawili hayakuwa yakichukua chochote. Kibati chembamba cha shaba kilikuwa hakiyagusi. Nikakipinda kwa kibano, nikafuta magurudumu na reli kwa spiriti ya kusafishia vidonda. Hapo tu nilipata zaidi ya nusu ya nilichokitafuta. Kisha nikalehemu kapasita, kifaa kinachotunza umeme kidogo, kwenye dekoda, kile kibao cha ndani kinachopokea amri za kidhibiti, ili umeme ukikatika kidogo mota isihisi. Shida ilikuwa pa kuiweka: spika imemeza nafasi yote. Imekaa chumba cha dereva, nimeipaka rangi nyeusi, ila ukichungulia dirishani unaiona.

Sasa sentimita 30 zinakichukua sekunde 47. Ukizidisha kwa 87, ni kama kilomita 2 kwa saa, na njia panda zote kinavuka. Gia bado zinalia kidogo kikirudi nyuma, nimeshazoea.

Ningekinunua tena? Ndiyo, ila kile kisicho na sauti. Mahali pa spika pakae kapasita, na dereva apate chumba chake.